Udi Chini ya London

Kongowea, Mombasa

Mpwa wangu,

Ile sauti uliyomtumia mamako kwa simu imefika, na imezua vita. Wasema waenda kwenye usaili ili upewe leseni ya kupiga udi katika vituo vya treni za chini ya ardhi huko London. Mamako kaja mbio mpaka sokoni, kasukuma mizani yangu ya vitunguu kando: "Nimemsomesha ili akaombe njiani?"

Nilimpa kigoda akae, nikamuuliza: harusini, mtu akiinuka akamtunza mwimbaji, akamtilia noti mkononi huku akicheza, nani huko nyuma aliwahi kusema mwimbaji yule kaomba? Hakunijibu. Alinunua vitunguu kilo mbili akaenda zake. Ila nawe usidhani umeshinda. Harusini watu wamejipamba, wamekaa, na taarabu wameifuata wenyewe. Njiani hakuna aliyetoka kwake kwa ajili yako.

Sisi treni ya chini ya ardhi hatuna, tuna feri. Pale Likoni watu zaidi ya 300,000 huvuka kila siku, na waendao kwa miguu hawalipi kitu. Hukusanywa bandani wangoje chombo, lango likifunguliwa humiminika mteremkoni kama maji. Ukija likizo nitakupeleka ukamtazame mzee mmoja asiyeona, mwimbaji wa nyimbo za injili. Spika ya betri kaining'iniza kifuani, mkono mmoja una kipaza sauti, wa pili uko begani kwa kijana anayemwongoza. Namba ya M-Pesa imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kadibodi. Bandani huimba kwa nguvu zote. Lango likifunguka tu, hukata wimbo hata kama ni katikati ya ubeti, akanywa maji. Yule kijana humshika mkono wakaingia pamoja na umati, na feri ikishaondoka, watu wamebanana na hawana pa kwenda mpaka ng'ambo, ndipo huanza upya. Miguu inayokimbia haiimbii kamwe. Wahubiri wa feri nao wanaijua siri hiyo, na ndiyo maana hawakosi hadhira.

Hapa Kongowea asingepata hata shilingi kumi. Stejini makanga wanapiga kelele, mikokoteni inapita, na wauza mitumba wamerekodi sauti zao kwenye vipaza sauti vinavyotaja bei kutwa nzima. (Wengine wana mahadhi mazuri kuliko vijana wanaojiita wasanii, lakini hayo tuyaache.)

Basi wewe, kabla hujauliza utapiga nini, uliza anayesikia anatembea au anangoja. Kuna mpiga fidla wa Marekani, Joshua Bell, ambaye watu hulipa pesa nyingi kumsikia ukumbini. Tarehe 12 Januari 2007 gazeti la Washington Post lilimweka kwenye kituo cha treni cha L'Enfant Plaza, Washington, asubuhi watu wakienda kazini. Alivaa kofia ya kawaida, fidla yake ni ya mwaka 1713. Kwa muda wa robo tatu ya saa walipita watu 1,097, waliosimama angalau dakika moja walikuwa saba. Alipata dola thelathini na kitu. Watoto walitaka kusimama, wazazi wakawavuta. Wengi husoma kisa hicho wakasema Wamarekani hawana masikio. Mimi nasema walimweka langoni pa kupita, saa ambayo mtu anachelewa kazini. Hata Bi Malika, mwimbaji wetu wa taarabu, angepitwa.

Sasa nikwambie habari ya mtu wa kwetu. Ayub Ogada alizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1956, jina lake la awali Job Seda, wazazi wake Waluo na wanamuziki. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, kinubi cha Waluo, akawa akiipiga kwenye njia hizo hizo za chini ya ardhi unazozitaka wewe. Siku hizo haikuruhusiwa, mlinzi akikukuta anakufukuza. Mpango wa leseni ulianza mwaka 2003. Watu wa tamasha la WOMAD walimsikia, akapandishwa jukwaani mwaka 1988, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake, En Mana Kuoyo. Wimbo wake Kothbiro uliingia kwenye filamu ya The Constant Gardener, mwaka 2005. Alifariki Februari 2019.

Mamako kisa hiki kimempendeza, kwa sababu kinaishia kwenye filamu. Mimi nakitaka kwa jambo jingine. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzungusha kipande kifupi tena na tena. Apitaye akikidaka mwanzo au mwisho, kimemfikia kizima, hata akiwa na sekunde kumi tu. Taarabu yetu haiko hivyo. Tunaanza na bashrafu, utangulizi wa ala tupu: udi unatafuta njia, fidla inaitika, mwimbaji hata hajakohoa. Kwenye ujia wa watu wanaokimbilia treni, watakuwa wameshafika makwao wewe bado unatafuta maqam. Kwa hiyo kwenye ujia chukua kiitikio peke yake ukizungushe. Palipo na foleni, au chini ya ngazi watu wanapopunguza mwendo, hapo nyosha mkono, piga taqsim yako, ile ya kubuni papo hapo. Na usipige haraka: kuta za vigae hurudisha sauti, nuti zikapandana.

Leseni ukipata, nasikia sehemu ya kusimama huchorwa nusu duara sakafuni. Usitoke nje yake ukagombana na watu. Na kimashine cha kadi nunua, huko hakuna abebaye sarafu tena.

Nyuzi za udi seti mbili zimeshafungwa, jirani anasafiri wiki ijayo atakuletea pamoja na achari ya maembe ya mamako. Ameitengeneza mwenyewe bila kuambiwa. Niandikie siku ya usaili na kituo watakachokupa, maana ataniuliza.

Mjombako