Nakwenda kutazama mawe ya watu

Najua nimekuwa kimya tangu mwezi wa kumi na mbili, na najua kimya changu kimezua maneno huko Kilwa Masoko. Siumwi. Sijafukuzwa kazi. Wala sijaolewa kwa siri, shangazi, maana nasikia hilo nalo limeshafika mpaka Nangurukuru! Nilikuwa na jambo nalipanga, na jambo lenyewe lilitegemea viza. Wazee walisema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Sasa mtoto kazaliwa: wiki iliyopita pasipoti yangu imerudi na viza imebandikwa ndani, kwa hiyo naweza kusema.

Mwezi wa tano nakwenda Ugiriki. Siku kumi. Siendi kazini, siendi semina, siendi kumuuguza mtu. Nakwenda kutembea tu, kuona magofu ya kale na visiwa viwili.

Mama ndiye wa kwanza niliyemwambia kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Magofu? Na kisiwa? Mwanangu, si hivyo hapa mbele ya mlango wetu?" Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini nilipokata simu kicheko kiliisha, maana Mama ana haki ya kuuliza. Mtu aliyekua anaitazama Kilwa Kisiwani kila asubuhi akienda shule, leo analipa nauli kwenda kuona mawe ya wengine. Nimeona bora niwaeleze wote pamoja kuliko kila mmoja aisikie kivyake na kuongeza chumvi yake.

Hii ndiyo safari yangu ya kwanza ya nje. Najua mtasema, si uko nje huko tangu 2017? Hapana jamani. Mimi Uingereza sikusafiri, nilihamishwa na kazi. Nilitua uwanja wa ndege, nikapanda basi, nikapewa chumba, Jumatatu nikawa wodini. Na tangu hapo kila likizo ndefu imekuja nyumbani. 2019 harusi ya kaka. 2021 mazishi ya Baba. 2023 jicho la Mama. Mwaka jana paa la nyumba. Sijutii hata moja. Lakini semeni kweli, mimi nikija huko napumzika? Siku ya pili tu baraza limejaa. Huyu nimpime presha, yule nimsomee karatasi za hospitali, mwingine mguu wa mtoto wake umevimba. Nafanya kwa moyo mmoja. Ila nikirudi kwenye zamu huku, wenzangu wananiuliza kama nilikuwa likizo kweli.

Sasa Ugiriki imeingiaje? Mwaka jana nilimaliza zamu nne za usiku mfululizo, na badala ya kwenda kulala nikaingia makumbusho ya British Museum pale London, kwa kuwa hawatozi kiingilio na ndani kuna joto. Nikajikuta kwenye ukumbi wa mawe yaliyotoka Athens, yale ambayo mpaka leo Wagiriki wanayadai. Yalichukuliwa na watu wa Lord Elgin mwanzoni mwa miaka ya 1800, na makumbusho yanayo tangu 1816. Mwisho wa ukumbi kuna kichwa cha farasi. Mdomo wazi, mishipa ya uso imetoka, macho yamemtoka kwa uchovu. Nikasoma maelezo: ni farasi wa Selene, mungu wa kike wa mwezi wa Wagiriki wa kale, na amechoka hivyo kwa sababu amevuta gari la mwezi angani usiku kucha, sasa kunapambazuka anazama chini. Jamani, farasi wa zamu ya usiku! Nilikaa pale kwenye benchi karibu saa nzima. Alichongwa karibu miaka 2,450 iliyopita, na aliyemchonga alijua kabisa sura ya mtu anayetoka zamu saa moja asubuhi. Nikasema, nitakwenda kuona ile kona ya jengo alikotolewa.

Jengo lenyewe linaitwa Parthenon, liko juu ya kilima cha Acropolis katikati ya Athens. Lilianza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo kuwa hekalu la Athena. Baadaye likawa kanisa, likawa msikiti, na mwaka 1687 Waturuki walipokuwa wamehifadhi baruti ndani yake, Wavenisi wakalipiga kwa mzinga likalipuka. Kinachosimama leo ni kilichobaki. Tiketi ni yuro 30, na unachagua saa yako ya kuingia kabla hujafika. Kiangazi joto likizidi hufunga lango mchana, ndiyo maana nimechagua mwezi wa tano na tiketi ya saa mbili asubuhi.

Kosa langu la kwanza katika kupanga lilikuwa ulafi. Niliandika visiwa vitano kwenye daftari: Mykonos, Santorini, Krete, Kos na Naxos, vyote ndani ya siku kumi! Kazini kuna kaka mmoja Mgiriki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alitazama daftari langu, akachukua kalamu, akaanza kukata bila hata kuniomba ruhusa. Akaniambia, wewe unahesabu visiwa kama vituo vya daladala. Kila kisiwa kina bandari, kusubiri boti, kutafuta chumba, kupanga na kupangua begi, nusu siku imekwisha. Tena kule Julai na Agosti unavuma upepo wa kaskazini wanauita meltemi, ukikaza feri zinazuiwa kutoka, na ndege yako inaondoka wewe umekaa gatini. Hilo nililielewa mara moja. Mtoto wa Kilwa nifundishwe kusi na kaskazi na Mgiriki? Lakini alisema kweli, nilikuwa nimesahau kwamba kisiwa hakiendewi kwa kalenda ya mtu, kinaendewa kwa kalenda ya bahari.

Santorini nikaikata kwa bei yake. Krete nikaikata kwa ukubwa wake, inahitaji safari yake peke yake. Kos iliniuma. Ndiko alikozaliwa Hippocrates, yule tuliyesomeshwa chuoni kuwa ni baba wa utabibu, na kuna mti wanaosema alifundisha chini yake, ingawa mti uliopo sasa umri wake haufiki huko. Lakini kutoka Athens ni feri ya usiku kucha, na mimi usiku nimeukesha wa kutosha. Kos itangoja.

Ratiba iliyobaki ni hii. Siku tatu Athens. Katika hizo, siku moja naenda Epidaurus, karibu saa mbili kwa gari. Kisha feri kubwa kutoka bandari ya Piraeus mpaka Naxos, kama saa tano na nusu, napita siku tano huko. Kisha narudi Athens kulala na kupanda ndege.

Epidaurus ndiyo niliyoichagua kwa ajili ya kazi yangu. Ilikuwa kama hospitali ya rufaa ya Wagiriki, mahali pa Asklepios, mungu wao wa uponyaji, yule mwenye fimbo na nyoka mnayeona mpaka leo kwenye nembo za hospitali. Wagonjwa walitoka mbali, wakaoga, wakatoa sadaka, wakalala kwenye jengo maalumu wakisubiri kuota. Asubuhi walieleza ndoto kwa makuhani. Waliopona waliandikiwa habari zao kwenye mawe, na mawe hayo yapo mpaka sasa. Kuna pia uwanja wa maonyesho wa mawe unaochukua watu wapatao 14,000, na sauti ya aliye chini kabisa inafika safu ya juu bila kipaza sauti.

Ila kitu kilichonishika ni sheria yao. Ndani ya mipaka ya mahali pale hakuruhusiwa mtu kufa, wala mwanamke kujifungua. Mgonjwa mahututi na mama mwenye uchungu walitolewa nje. Fikirieni, hospitali isiyotaka kifo wala uzazi! Ilipita karne nyingi ndipo, katika karne ya pili baada ya Kristo, tajiri mmoja wa Kirumi akawajengea nyumba ya pembeni.

Na kisiwa cha Delos kilikuwa na sheria hiyohiyo. Delos ni kidogo, hakina hoteli, huruhusiwi kulala. Kutoka Naxos kuna boti za watalii zinazokupeleka asubuhi na kukurudisha jioni. Wagiriki walisema hapo ndipo Leto alipomzaa Apollo. Hadithi yake mkunga yeyote ataielewa: uchungu siku tisa, usiku na mchana, kwa sababu Hera kwa wivu alimzuia mungu wa uzazi asipate habari. Siku tisa mkunga hajaletwa! Hatimaye alifika, Leto akashika mtende, akapiga magoti, mtoto akatoka. Kisha kwa heshima ya mahali hapo, miaka ya 420 na kitu kabla ya Kristo, Waathene wakafukua makaburi yote ya Delos wakayahamishia kisiwa cha jirani, wakaamuru tangu siku ile asizaliwe wala kufa mtu pale.

Niliposoma hayo ilikuwa saa kumi alfajiri, wakati wa mapumziko, na kikombe cha chai kimepoa. Usiku ule tulikuwa tumempoteza mzee mmoja, wa tatu katika wiki. Nikafikiri, kuna mahali duniani ambapo watu walikubaliana kwamba hapa, angalau hapa, haya mambo mawili yasitokee. Najua ni ukatili kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Kama ningekuwapo ningegombana nao. Lakini na mimi kwa siku moja nataka kukaa mahali ambapo hakuna atakayeniita mbio.

Viza imenitesa, nisiwafiche. Wenzangu Waingereza wanaamua Ijumaa, Jumamosi wako ndani ya ndege. Mimi na pasipoti yetu ya Tanzania nimeanza miezi mitatu kabla: barua ya mwajiri, taarifa za benki, tiketi, hoteli, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, alama za vidole, ada ya yuro 90 na ya wakala juu yake. Nikaulizwa nina sababu gani ya kurudi Uingereza. Nilitaka kumwambia, dada, rota yangu ya Juni imeshatoka.

Sasa pesa, maana najua hapo ndipo macho yenu yalipo. Safari nzima ni pauni 1,150, zaidi ya milioni tatu na nusu za kwetu. Nimezipata kwa zamu za ziada tangu Septemba, na nimeziweka kando. Bati na mbao za nyumba ya Mama nilishatuma zote mwezi wa kwanza, risiti anazo kaka. Ada ya watoto imelipwa mpaka Juni. Kaka mdogo, uliniomba mtaji wa bodaboda na nikakujibu sina. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nazo, ndizo hizi. Nisamehe kwa uongo, lakini kwa hizi pesa sikuombi msamaha. Bodaboda tutaizungumza mwezi wa tisa, inshallah.

Mnamkumbuka Baba alivyokuwa akirudi jioni baada ya kuvusha wageni kwenda Kisiwani? Tunamzunguka, anatuhadithia vituko vyao. Kuna mama mmoja wa Kizungu alikaa kwenye kivuli cha Msikiti Mkuu mchana kutwa, hakupiga picha, hakuuliza kitu, alitazama tu zile nguzo. Sisi tulicheka. Baba hakucheka, akasema labda huyo kwao hana pa kukaa kimya. Miaka hii yote mimi nilidhani wageni wanafuata mawe. Mama, uliuliza kwa nini nisije kukaa kimya hapo hapo. Jibu ni kwamba hapo nina majina mengi mno: nesi, dada, shangazi, mwenye pesa. Ugiriki sina hata moja.

Basi, maagizo. Mama, dawa ya presha ni kila asubuhi, usiruke hata siku moja ukijisikia vizuri. Mashine iko kabati la juu, betri mpya nilimpa kaka. Ukijisikia vibaya nenda zahanati kwanza, ndipo unipigie, si kinyume chake. Kwa siku zile kumi nitawasha simu jioni tu, saa tatu za usiku. Si kwa ubaya.

Kaka Mgiriki ameniambia Naxos nao huanika pweza kwenye kamba juani kama mashati. Nitawatumia picha, mlinganishe na wetu.

Niombeeni safari njema.

Binti yenu.