Nilitumwa Tanga nikamzuie babu na redio zake

UKITOKA Dar es Salaam kwa basi la alfajiri kupitia Chalinze na Segera, Tanga iko umbali wa kilomita takriban 350, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama na wadogo zake walinituma nikamwambie babu aache kutengeneza redio.

Sababu wanayo. Masika iliyopita alipigwa na umeme akiwa peke yake chumba cha uani. Mtoto wa jirani alimkuta ameketi sakafuni, kidole kimeungua, hakumbuki ameangukaje. Familia ikaniteua mimi kwa kuwa naandika habari za afya. "Wewe atakusikiliza," alisema mama. Walisahau kwamba kwa babu mimi si mwandishi wa habari.

Muheza tulinunua machungwa dirishani kama kawaida. Kange nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Ngamiani. Uzuri wa Ngamiani ni kwamba mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, hivyo hata aliyekaa miaka mitatu bila kuja, kama mimi, hapotei. Baiskeli bado ni nyingi. Joto ni lile lile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba. Leo umenikumbuka?"

Bibi akaitikia kutoka jikoni: "Karibu mke mwenza. Mchukue mumeo, mimi nimechoka na mabati yake."

Mabati yenyewe yalikuwa 11. Redio za mbao, zilizong'arishwa hadi unajiona, vitambaa vya mbele vikiwa na rangi ya chai. Kwenye kioo cha kila moja yameandikwa majina ya miji: London, Paris, Hilversum. Ni redio za valvu, zile zilizokuwepo kabla ya transista. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, transista haikuwa imefika dukani popote duniani. Redio ya kwanza ya aina hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Babu alizizoea ujanani, alipokuwa fundi msaidizi kwenye shamba la mkonge. Moja kati ya hizo 11 aliirithi kwa bwana shamba, nyingine amezitoa kwenye stoo za watu, zikiwa na viota vya panya.

Valvu ni kama globu ndogo isiyo na hewa ndani. Kuna waya unaopata moto hadi uwe mwekundu, ndipo kazi ianze. Ndiyo maana ukiwasha redio hii haisemi papo hapo. Unasubiri karibu nusu dakika, kwanza mngurumo, kisha sauti inakuja taratibu kama mtu anayetoka chumba cha ndani.

Nilidhani valvu ndizo zinazokufa. Babu alicheka. Valvu nyingi, alisema, ni nzima hata baada ya miaka 60. Kinachooza ni kapasita, hasa zile za karatasi na nta, ambazo hunyonya unyevu, na Tanga kwa hewa ya bahari unyevu haukosekani. Kwa hiyo ukiletewa redio ya zamani, kosa la kwanza ni kuichomeka ukutani uone kama inafanya kazi. Kapasita mbovu inaweza kuunguza transfoma, na transfoma hiyo huipati tena.

Yeye hufungua kwanza, anapiga brashi vumbi, anabadilisha kapasita, ndipo aunganishe umeme kupitia globu ya kizamani, ile ya waya. Globu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, moyo unatulia. Balbu za siku hizi hazifai kwa kazi hiyo, na globu za waya zimeadimika hata madukani. Anazo tatu, kazifunga kwenye soksi.

Hapo ndipo nilipoingiza maneno yangu. Nilimwambia ndani ya hayo makopo kuna volti 250 na zaidi, na kwamba kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Alijua kuliko mimi. Alinionyesha anavyofanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni, ili umeme ukimpata usikatize kifuani kupitia moyo. Alinionyesha waya wenye rezista na klipu, wa kuondolea umeme kwenye kapasita kabla ya kugusa.

"Sasa babu, siku ile ulipigwaje?"

Alinyamaza. Akachukua rezista kutoka kwenye kopo la maziwa, akanipa. "Hebu nisomee rangi hizi."

Kahawia, nyeusi, nyekundu.

"Mimi naona kahawia zote," akasema.

Kwa asiyejua, mistari hiyo ndiyo namba ya rezista. Mstari wa tatu ukiusoma kahawia badala ya nyekundu, umekosea mara 10. Na siku ile ya masika, klipu aliinasa kando, si mahali pake. Hakuona. Akaamini umeme umeisha.

Nimeandika kuhusu mtoto wa jicho zaidi ya mara moja. Najua lenzi inavyokuwa na ukungu na rangi kufifia, taa za magari usiku zinavyotawanyika, na kwamba duniani ndio unaoongoza kwa kusababisha upofu, ilhali upasuaji wake ni wa muda mfupi na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yote hayo nayajua, na nilikuwa nimekaa na babu yangu nusu siku bila kugundua kwamba kikombe cha chai alikuwa anakipapasa. Bibi alijua. Alikatazwa kusema, maana babu aliogopa tukimjua hatuoni vizuri tutamfungia chumba.

Na kwa kweli ndicho nilichotumwa kufanya.

Usiku tuliwasha ile ya bwana shamba. Babu aliamuru chaja zote za simu zichomolewe na taa ya sebuleni izimwe, kwa kuwa zinaleta makelele kwenye masafa. Stesheni za FM hazimo humu. Kuna masafa ya kati na mafupi tu, ambayo usiku husafiri mbali. Nilizungusha kitufe mimi, yeye akisema, "Rudi kidogo. Rudi. Hapo." Mtu alikuwa anaongea Kiarabu, kisha muziki wa kinanda, kisha upepo mtupu. Bibi alisinzia kwenye mkeka.

Tulipatana hivi. Mpaka macho yapimwe, hafungui redio bila mtu chumbani. Yule mtoto wa jirani, ambaye yuko kidato cha pili na haondoki pale, ndiye atakayesoma rangi na kunasa klipu, babu akiangalia mita. Nilimfundisha kijana kwamba akiona babu ameshikwa na umeme asimguse, akimbilie swichi kuu kwanza. Na kwamba aliyepigwa na umeme apelekwe kupimwa hata akisema yuko salama. Alirudia mara mbili bila kukosea. Swichi tumeipaka rangi nyekundu, ambayo babu anasema ni kahawia.

Mama hakufurahi nilipompigia. Alisema nimetumwa kuzima moto nimeongeza kuni.

Sasa niko Dar na karatasi ya babu mkobani. Upande mmoja ameandika, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: kapasita mbili za mikrofaradi 47 volti 450, uzi wa sindano ya masafa, globu za waya popote zitakapopatikana. Upande wa pili ni mwandiko wa bibi, tarehe ya kliniki ya macho.