Kajaga na Kumbukumbu za Kandanda
Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea Gatumba hupita Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni, vijana wakichezea mpira mchangani, wazee walioketi kivulini huukumbuka mwaka 1992. Ndipo Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika: ikatoka sare nyumbani na Africa Sports ya Ivory Coast, kisha ikashindwa kule Abidjan. Mwaka uliofuata vita vikazuka, na wengi walioshangilia bega kwa bega wakatengana. Burundi ilingoja hadi 2019 kucheza fainali za Mataifa ya Afrika, huko Misri. Wazee huwasimulia vijana hayo yote, ili wajue kwamba uwanja mmoja uliwahi kuwakusanya wote.