Makofi ya walimu wale wale

Msomaji wangu, hivi umewahi kupiga makofi huku unajionea aibu? Mimi yalinikuta Oktoba 2024 pale Kikatiti, kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule niliyosoma. Jina lake niachie mwenyewe.

Nilishuka kwenye kifodi nimepigilia gauni, nikijua ni mambo ya pilau na soda tu. Kumbe bwana! Aliyetengewa kiti cha mbele, kando ya mkuu wa shule, ni binti niliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu. Nilibaki mdomo wazi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, zikafunguliwa tena Juni 29. Wasichana wote tukapangwa foleni, tukapimwa. Mwenzangu akakutwa na mimba. Kesho yake akaitwa mbele ya mstari, mwalimu wa nidhamu akasoma barua ya kumfukuza kwa sauti ya mnadani. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, tena jina la utani nilimtungia mimi. Silirudii hapa.

Enzi hizo mlango ulikuwa umefungwa. Juni 2017 Rais Magufuli alishasema hadharani, mkoani Pwani, kwamba katika uongozi wake mwenye mimba harudi shule ya serikali. Basi binti akawa anauza nyanya na ndizi kando ya barabara ya Moshi, mtoto mgongoni. Nikimwona nageuza uso. (Na jamaa aliyempa mimba? Aliendelea na bodaboda yake, wala hakuna aliyemsomea barua.)

Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza ruhusa ya kurudi. Madam wetu wa biolojia alipanda kwa miguu mpaka kwa bibi yake binti, kule juu mlimani. Bibi akagoma katakata: "Mlishamcheka mara moja, inatosha." Madam akarudi mara ya pili. Akarudi ya tatu, ndipo akakaribishwa loshoro, akajua mambo yameiva.

Januari 2022 binti akavaa sketi ya shule tena, kidato cha tatu, na wadogo zake. Sisi tulishamaliza. Saa nne wenzake wanakunywa uji, yeye anakimbia nyumbani kunyonyesha. Mwaka 2023 akafanya mtihani, akafaulu, na siku ile ya mahafali alikuwa mwanafunzi wa uuguzi.

Walimu wakamzunguka kwa nyimbo, wakamvika kitenge. Mwalimu wa nidhamu akashika kipaza sauti: "Ujasiri wake sisi tuliujua tangu mwanzo!" Wacha we. Madam akainama, akawa kama anatafuta kitu kwenye mkoba.

Binti akasimama. "Ahsanteni walimu wangu. Ile barua bado ninayo." Kimya, unasikia hata turubai linavyopepea. Kisha akacheka mwenyewe, akaenda kumkumbatia Madam, na watu wakapiga makofi. Mimi pia.

Baadaye nikamfuata nimwombe msamaha. Maneno niliyapanga vizuri, yakayeyuka yote. Alikuwa na mtoto mkononi, karibu miaka minne, shavu limejaa wali.

"Msalimie mama mdogo," akamwambia. "Huyu tulikaa naye dawati moja."

"Shikamoo mama mdogo."

Nikaitika marahaba, koo limekauka.