Nafasi Ndani ya Ganda

Jirani yangu hapa Texas, mzee mstaafu, ananifundisha kujaza upya risasi za bastola yake, .38 Special. Unang'oa fataki iliyolipuka, unarudisha ganda kwenye umbo lake, unaweka fataki mpya, baruti, kisha kichwa cha risasi. Kazi nyepesi, ungedhani.

Shida ni nafasi. Risasi hii ni ya tangu 1898, enzi za baruti nyeusi inayojaza ganda. Baruti ya leo ni kali, kwa hivyo huwekwa kidogo tu, na ganda linabaki karibu tupu. Ukimimina mara mbili, inaingia bila kumwagika, na bastola inaweza kukupasukia mkononi. Ndiyo maana tunapanga maganda 50 kwenye kibao na kumulika kila moja kwa tochi kabla ya kulifunga. Kitabu cha vipimo kiko wazi muda wote. Tunaanza na kipimo cha chini, tunapanda polepole. Ratili moja ni greni 7,000, lakini mzee hugombana na sehemu ya kumi ya greni moja! Redio huzimwa. Hata mimi, mtu wa stori, hunyamaza.

Juzi mama alipiga simu kutoka Machakos. Niko wapi?

"Kwa jirani, mama. Namsaidia kazi ya gereji."

Si uongo. Lakini Kenya, kupatikana na risasi hata moja bila cheti ni kosa, ningemwambia, hangelala.

Nilipokata simu, mzee alikuwa amerudisha baruti yote kwenye mkebe. Tukaanza tena, ganda la kwanza.