Baiti 20

Baba yangu hakuwahi kuniambia lolote kuhusu maandishi yangu. Ananunua gazeti, anasoma ukurasa wangu, analikunja, basi. Mpaka nilipoweka kwenye tovuti yangu insha kuhusu bibi na vitumbua vyake vya Tanga. Akaandika maoni chini yake, aya sita, kwa jina lake kamili. Bibi hakuanzia Tanga, alianzia Pangani. Hakuwa mjane kama nilivyodai, aliachwa. Na mengine ambayo kwetu hayasemwi.

Maoni yale yalikaa kwenye kanzidata, lile ghala ambamo tovuti hutunza kila insha, kila jina, kila koma. Ghala lenyewe lilikuwa kwenye seva ya kukodi, kwenye "wingu" la kampuni ambayo sitaitaja. Desemba, kadi yangu ya benki iliisha muda nikiwa safarini kikazi. Barua pepe za kunikumbusha zikaenda kwenye anwani ya ofisi niliyoihama zamani. Narudi, seva imefutwa. Sikuogopa sana, maana nilikuwa nalipia bakapu za kila wiki. Kumbe bakapu zile zilifungwa kwenye seva hiyohiyo. Ikifutwa, nazo zinakwenda. Imeandikwa kwenye masharti. Nani anasoma masharti?

Nilikuwa na kinga ya pili. Programu ndogo niliyoiandika kwa kuigilizia: kila saa nane usiku inatoa nakala ya kanzidata, inaibana, inaituma kwenye hifadhi nyingine kabisa. Nikafungua hifadhi. Faili zaidi ya 200, kila moja na tarehe yake, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nikampigia kwa furaha jamaa yangu, fundi wa seva.

"Dada, umewahi kurudisha hata moja?"

"Nirudishe vipi, na hakuna kilichopotea?"

Kimya kidogo. "Nisomee ukubwa wa faili ya mwisho."

Baiti 20.

Mei nilibadilisha nywila ya kanzidata, nikasahau kuibadilisha kwenye ile programu. Tangu hapo kila usiku ilibisha hodi, ikakataliwa, lakini amri iliyofuata haikujua. Ikabana hicho hicho kisichokuwepo. Ukibana utupu kwa gzip unapata baiti 20: kichwa, mkia, na katikati hamna kitu. Bahasha imefungwa vizuri, barua haimo. Nami kwa miezi saba nilikuwa nasoma anwani tu.

Nilijifariji kwa kisa cha GitLab. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alipositisha, kati ya GB 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala zao za kila siku? Hazikuwepo. Programu ya kuzitoa ilikuwa ya PostgreSQL 9.2, kanzidata ni 9.6, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takriban saa 6 kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine. Na wakakiri hadharani, mpaka kazi ya kurudisha wakairusha moja kwa moja YouTube. Kwa hilo nawapenda.

Faili yangu nzima ya mwisho ilikuwa ya Mei. Tukakodi seva mpya, tukatengeneza kanzidata tupu, tukamimina. Dakika nne. Insha za baadaye nilizipata kwenye laptopu. Ya bibi ilikuwemo, niliichapisha Aprili. Baba aliandika Juni. Kwa hiyo insha imerudi na makosa yake yote. Masahihisho ndiyo yamepotea.

Jumapili nikaenda kwake, nikamwomba aandike tena.

"Si mnasema vya mtandaoni havifutiki?"

"Vinafutika, baba."

Akacheka. "Mimi niliandika nikiwa na hasira, mwanangu. Sasa sina."

Siku hizi, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, nakodi seva kwa saa moja, narudisha nakala ya jana yake, nahesabu insha, nahesabu maoni, kisha naifuta. Insha ya bibi bado ina maoni sifuri. Ningeweza kuandika Pangani mwenyewe, ni neno moja tu. Sijaitoa Tanga. Nangoja akasirike tena.