Kiti cha Windsor na Samani za Safari

Huku Minnesota, mji wa Stillwater unajulikana kwa maduka yake ya vitu vya kale. Mteja anayejua mambo akishika kiti cha mbao hukipindua kwanza. Anatafuta muhuri wa fundi, alama za randa ya mkono, vanishi ya zamani. Kikiwa kimepigwa msasa na kupakwa rangi upya, bei huporomoka. Namheshimu kwa umakini huo.

Mimi nimevutwa zaidi na kiti cha Windsor, kilichoanzia Uingereza na kuenea Marekani katika karne ya 18. Kikalio chake ni ubao mmoja mnene uliochimbwa kwa tezo, na miguu na vijiti vya mgongo vimeingizwa kwenye matundu. Fundi wa Marekani alichagua mti kwa kazi yake: msonobari laini kwa kikalio, mti mgumu kwa miguu, mwaloni au hikori kwa upinde wa mgongo, kwa kuwa hupindika vizuri ukiwa mbichi.

Fundi huyo angefika kwetu Diff, kule Wajir karibu na mpaka wa Somalia, angeelewana haraka na mama zetu. Aqal, nyumba ya mfugaji, husimama juu ya matao ya mizizi na matawi yanayopindwa yangali mabichi, yakafungwa mpaka yakauke na umbo lake. Wanawake ndio wanaoijenga, kuibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Ndiyo maana samani zetu hazina kabati wala meza nzito. Kila kitu lazima kipite mtihani wa mgongo wa ngamia.

Chukua barkin, mto wa mbao wa kulalia. Ni kipande kimoja cha mti, hakina gundi wala msumari: kitako kidogo, shingo nyembamba, juu mbonyeo wa kupokea kichwa, na ubavuni nakshi za mistari iliyosukana. Hulinda nywele zilizotengenezwa zisivurugike, na wazee husema mchungaji akiulalia hazami usingizini, kwa hiyo fisi hamkuti hoi. Samli na jasho la miaka huung'arisha kuliko vanishi yoyote.

Bakuli la mbao likipasuka, kwetu hushonwa kwa ukanda wa ngozi likarudi kazini. Stillwater ufa kama huo ungepunguza bei. Mimi naona mshono ule ni sehemu ya ufundi, na nisingekubali mtu aufumue.

Lakini kwenye jambo moja watu wa huku wametushinda: jina la fundi. Wakenya tukitaja samani za kale tunakimbilia Lamu na viti vyake vya enzi, na vinastahili sifa. Za wafugaji hatuziandiki. Makumbusho mengi ya Ulaya yana mito kama barkin, ikiwa na jina la kabila tu. Hapa Minneapolis, Makumbusho ya Wasomali ya Minnesota, yaliyofunguliwa 2013, yanawaonyesha watoto wetu vyombo hivi. Lakini Diff kwenyewe, dumu la plastiki limeshachukua nafasi ya chombo cha maziwa.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda nyumbani likizo hii, muulize nyanya yako barkin yake ilichongwa na nani, kwa mti gani, upande gani wa kisima. Rekodi sauti yake kwenye simu, na jina la fundi uliandike pamoja na la baba yake na la babu yake.